Ubao Uliogeuzwa

Hakuna kipofu aliyewahi kumponyoka Gwamaka Mwasomola. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na alimwambia kila aliyekaa karibu naye muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Kipofu umvalishe suti, umpe miwani ya bei mbaya, umfundishe kutembea kwa madaha kama afisa elimu siku ya ukaguzi, Gwamaka atamtambua kabla hajafika mlangoni. Anamjua kwa shingo. Anamjua kwa namna anavyosikiliza kwa kidevu. Siku ile ya Kongamano la Dunia la Madaktari wa Macho alisimama kwenye ngazi za Jumba la Mikutano la Iganzo, pale Mbeya, na beji yenye picha aliyopigwa akiwa bado na ndevu, akamwambia mlinzi wa getini kwamba yeye ni kama mzani, tofauti ni kwamba mzani huharibika.

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, akauliza kama huo mzani unaweza pia kumtambua mtu asiye na kazi ya kufanya. Gwamaka alicheka kuliko mlinzi mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa: ukimpiga dongo zuri, anakushukuru.

Mji ulikuwa umefurika madaktari. Walikuwa wametoka Kampala, Lima, Madras, na miji mingine ambayo Gwamaka aliijua kwa timu zake za mpira tu. Wote walivaa miwani mikubwa ya mpira iliyobana mashavu, kama vyura waliopewa shahada, kwa sababu waliambiwa vumbi la Rukwa halichagui msomi. Tangu ziwa lile likauke, upepo wa mchana uliinua vumbi lake jeupe na kulipandisha milimani, likaingia kwenye nyumba, kwenye unga, kwenye macho. Halikuwasha. Lilikaa tu. Baada ya misimu michache jicho lilianza kufa kwa ndani, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta mwenye nyumba akiwa anaongea.

Kila mjumbe alipewa mkoba wenye nembo na kidude cha kuvaa sikioni. Ukisema neno kwa Kiswahili, Mperu alilisikia kwa Kihispania kabla hujafunga mdomo. Gwamaka alikuwa amekwisha kukijaribu kidude hicho kwa kumwambia profesa mmoja wa Lima, kwa heshima zote, kwamba anafanana na shemeji yake aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe. Profesa alijibu kwamba anampa pole shemeji.

Yeye alikuwa fundi wa maandalizi wa kampuni iliyoitwa Mwanga wa Pili, kampuni iliyotengeneza kiwambo. Kiwambo ni kitu chembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Hubandikwa nyuma ya jicho, pale jicho linapopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Mahali jicho lilipokufa, kiwambo hupokea badala yake, kikisaidiwa na sehemu iliyobaki hai. Na kwa kuwa hata jicho zima hukosa picha mara kwa mara, kiwambo kilipewa akili kidogo: kikikosa, kinajazia. Ukipepesa, kinajazia. Umeme ukikatika ukiwa unaelekea chooni, kinakuchorea korido unayoijua. Kinajifunza sura za watu wako, na mtu akikuita kutoka kizani kinakuwekea uso wake palepale sauti ilipotokea. Kwenye vipeperushi vya kampuni jambo hilo lilielezwa kwa mstari mmoja, chini kabisa, kwa maandishi ambayo mwenye macho mawili mazima angehitaji kiwambo kuyasoma.

Sasa, madaktari hawa wana desturi yao. Kwenye makongamano yao mtu anaweza kutoa michoro mpaka jioni, lakini mada haifungwi mpaka mgonjwa apandishwe jukwaani, aketi kwenye kiti, asome ubao wa herufi mbele ya watu. Hapo ndipo Gwamaka alipopatia ugali wake. Alimfundisha mgonjwa kiti kiko wapi, ubao utakaa wapi, asubiri makofi yaishe ndipo aendelee. Alimrudisha kwenye ubao uleule mara nyingi, mpaka mgonjwa asione haya tena. Mgonjwa aliyepita mikononi mwake hakuwahi kukosea herufi hata moja. Kampuni ilimsifu. Na yeye alijisifu zaidi, maana kampuni ilikuwa na mambo mengine ya kufanya.

Mchana wa siku hiyo wajumbe wangepiga kura ya azimio moja: watoto wote wa shule za bonde la Rukwa wawekewe kiwambo, kila anayeanza darasa la kwanza, kabla vumbi halijamgusa. Na mgonjwa wa kufunga mada alikuwa Bibi Subilaga wa Kiwira, aliyekuwa na kiwambo kwa miaka mitano. Alichaguliwa kwa sababu anachekesha. Tena alikuwa bibi yake Gwamaka, mama wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

*

Alimkuta kwenye chumba cha kuvalia nyuma ya jukwaa, ameketi wima, kikombe cha chai mkononi.

"Ugonile, mke wangu," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ugonile, mume wangu. Mbona hujanyoa? Unataka wageni wa watu wadhani nimeolewa na beberu?"

Gwamaka alijishika kidevu akacheka mpaka akaegemea mlango. Alikuwa amenyoa asubuhi ileile, kidevu kinateleza kama bakuli. Kwa watu wa kwao bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka, na bibi huyu hakuwa na breki. Tangu Gwamaka akiwa darasa la kwanza alikuwa ameitwa beberu, kinyonga, mume asiyejua kuchota maji. Ukinyoa, utaambiwa una ndevu. Ukinenepa, utaulizwa kama unaumwa. Kwa hiyo alijibu kama inavyojibiwa, kwamba beberu amekuja na pembe zake zote na leo hatoki mtu.

Bibi alicheka. Kisha akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono, akasema angalau azing'oe hizi zilizojikunja hapa chini ya mdomo, zinamzeesha. Vidole vikaja moja kwa moja mpaka kidevuni. Vikagusa ngozi tupu, vikasimama.

Kisha akacheka tena. Lakini kicheko hiki kilichelewa, na Gwamaka, mtu aliyeishi kwa vicheko, alijua kicheko kilichochelewa kinasikikaje. Bibi alirudisha mkono akaushika ule mwingine mapajani, akaanza habari za mbuzi wa jirani aliyekula nguo kwenye kamba.

Gwamaka hakusikia mbuzi alikula nguo ya nani. Alimtolea bibi yake ulimi. Hadithi ya mbuzi iliendelea. Akageuza macho, akavuta masikio, akafanya uso wa nyani ambao ulimponza kwa kila mwalimu aliyemfundisha. Bibi alikuwa anamtazama usoni, anatabasamu pale pale panapostahili tabasamu, na shingo yake ilikuwa shingo ya mtu anayeona. Kidevu hakikusikiliza chochote. Alikuwa anaona, kabisa. Tatizo ni kwamba alichokuwa anakiona hakikuwepo.

Akamwambia wafanye zoezi la mwisho. Ubao ulikuwa umesimama kwenye kigingi chake, herufi kubwa juu na ndogo chini. Aliushika kwa kingo zote mbili, akaugeuza bila kuugonga popote, mgongo wake ukamwelekea bibi: mbao nyeupe tupu, haina hata alama ya msumari. Herufi zikamtazama yeye Gwamaka. Akasema, haya, soma.

Bibi Subilaga alisoma. Alisoma kwa sauti ya mwalimu wa kwaya, mstari wa kwanza, wa pili, anashuka bila haraka. Kwenye mistari ya chini alikunja uso, akasogeza kichwa mbele, akasema hapa pamekaa padogo kweli, ila naona, naona. Akazitaja zote. Gwamaka alizifuata moja moja kwa upande wake wa ubao. Hakukosea hata moja.

Akiwa bado nyuma ya ubao akamuuliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, huko Kiwira siku hizi ameona kitu gani kipya.

Bibi alifikiri vizuri, kama mtu aliyeulizwa swali la maana. Alisema Kiwira hakuna jipya, na hilo ndilo linalomfurahisha. Tusajigwe wa ng'ambo ya mto ana mashavu yaleyale. Mchungaji yuleyule na nywele nyeusi. Hata yeye mwenyewe akijitazama kwenye kioo asubuhi, hana neno.

"Siku hizi watu hawazeeki," alisema. "Sijui ni maji."

*

Dokta Ambakisye Mwakalobo, aliyeongoza sayansi yote ya Mwanga wa Pili, alikuwa kwenye meza ya sambusa akimweleza mjumbe wa Madras kwamba ndani ni viazi. Gwamaka alimvuta mkono, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha kazi, akampeleka kwenye kona ya maua ya plastiki na kumweleza. Alieleza vibaya, akianzia kwenye ndevu. Dokta alisikiliza huku akitafuna, na alipomeza alisema wao wanaita hali hiyo utulivu.

Walikuwa wanajua. Kiwambo, alisema, kiliwekwa kikae juu ya jicho bovu na kushirikiana na kile kidogo kilichobaki hai. Kwa baadhi ya watu hicho kidogo nacho hufa, na kiwambo hubaki peke yake bila picha yoyote inayoingia. Hakina namna ya kusema kimekosa. Kimefundishwa kujazia, basi kinajazia, mchana kutwa, mwaka mzima. Mgonjwa halalamiki, kwa kuwa hana cha kulalamikia. Akija kliniki anapimwa kwa ubao, na ubao ni uleule wa mwaka jana.

Gwamaka aliuliza ni wangapi.

"Hatujapima," dokta alisema. "Ukipima utajua, na ukijua unatakiwa uzime. Sheria ndivyo inavyosema: kiwambo kisichopokea kinazimwa siku hiyohiyo. Unafikiri watu wa huko vijijini watakushukuru?"

Gwamaka akasema, na watoto je. Hapo dokta alipangusa vidole kimoja kimoja kwa karatasi. Kila mtu wa kazi hiyo alijua habari ya matone ya dawa. Matone yaliyaokoa macho ya vumbi. Yalikuwa ya shida, ya kila siku kwa miaka, muuguzi afuate mtoto shuleni, lakini yaliokoa. Sharti lake lilikuwa moja, kuwahi. Na jicho la mtoto huwahiwa kwa njia moja tu: mtoto ananyanyuka darasani anasema, mwalimu, sioni ubaoni. Mtoto mwenye kiwambo hatasema hivyo kamwe. Ataona ubao. Ataona ubao hata siku mwalimu hajaja.

Dokta hakubisha. Alisema matone hayana mtu wa kuyatolea mikoba yenye nembo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa rimoti ya mafundi, kale kadude kanakoingia kwenye kiganja, akakaweka mkononi mwa Gwamaka na kumfunga vidole juu yake, kwa upole, kama baba anayempa mtoto hela ya sadaka.

"Kifungo chekundu kinazima. Nenda kamzimie bibi yako sasa hivi, umweleze vizuri kwa nini. Halafu njoo, tutapanda wote jukwaani kuomba radhi. Sitakuzuia."

Akarudi kwenye sambusa.

Gwamaka alikwenda mpaka mlango wa chumba cha kuvalia. Ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa anajifunga kilemba mbele ya kioo, anakirekebisha, anarudi nyuma kuangalia, anakirekebisha tena. Aliinamisha kichwa huku na huku kwa ule ujana wa mtu anayejua anapendeza. Gwamaka alisimama hapo akiwa na kifungo chekundu chini ya kidole gumba, mpaka mtu wa ratiba alipopita akisema tayari.

Alijiambia atasema jukwaani. Ingekuwa vizuri zaidi jukwaani, watu wote wakiwepo, bila kumzima mtu kwanza. Angeinuka tu, sentensi moja, basi. Mtu mwenye mdomo kama wake sentensi moja itamshindaje?

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Bibi Subilaga alikaa kwenye kiti cha katikati, amevaa miwani ya giza kwa ajili ya taa kali, ubao mbele yake pale ulipokaa siku zote za mazoezi, na pazia la jukwaa nyuma ya ubao. Gwamaka alikuwa pembeni, kulia kwake na nyuma kidogo, na miwani yake ya kazi na kipaza sauti chake kwenye kola. Alipoulizwa jina, bibi alijibu kwa kuuliza kama ataje jina tu au na umri, kwa sababu umri wake ameuacha Kiwira ukichunga ng'ombe. Vidude vya masikioni vilipeleka maneno hayo duniani kote, na kicheko kilikuja kwa mafungu, Waganda kwanza, Waperu mwishoni. Akasoma ubao. Akausoma kama alivyousoma ulipogeuzwa. Makofi yakapigwa.

Hapo ndipo aliposimama Dokta Nakiganda wa Kampala, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Hakuwa na shari. Alisema amependa sana, na anataka kupiga kura ya ndiyo, ila kuna jambo moja dogo la kumridhisha moyo wake. Wakati wa chakula amechora ubao wake mwenyewe, wa picha, mkono wake si mzuri, asichekwe. Aliomba mama auone huo. Akapanda jukwaani, mtu wa ratiba akauondoa ubao wa zamani, naye daktari akaenda kusimama kushoto kwa bibi, mbali kidogo, akauinua ubao wake mbele ya uso wake mwenyewe. Kilichobaki cha Dokta Nakiganda kilikuwa miguu miwili na viatu.

Taa zilimfuata kule kushoto. Macho ya ukumbi mzima yalimfuata.

"Mama, unaona nini?" sauti yake iliuliza kwenye spika za ukumbi mzima.

Bibi alifungua mdomo, akaufunga. Mbele yake, pale ubao ulipokuwa, kiwambo kilikuwa kinaendelea kumwonyesha herufi. Na mtu amesema picha.

"Naona," alisema.

Dokta Ambakisye, mstari wa mbele, aliendelea kutabasamu kwa mdomo tu. Gwamaka alielewa kwamba hii ndiyo ile sentensi. Haikuhitaji hata kuinuka. Kipaza sauti kilikuwa kwenye kola, angesema tu: bibi yangu haoni. Maneno matatu, Kampala ingesikia, Lima ingesikia, azimio lingekufa palepale, na watoto wa bonde wangeendelea kunyanyuka darasani kusema hawaoni ubaoni. Aliyapanga mdomoni. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba anayasema.

Lakini alikuwa anaitazama mikono ya bibi. Ilikuwa imekamata kitenge magotini, inakikunja, inakikunjua, kama mikono ya mwanafunzi aliyeitwa mbele na hajui jibu. Mikono ile haikuwahi kukosa jibu mbele yake. Na ukumbi mzima wa wageni ungegeuka sasa hivi kumtazama akijua kwamba haoni, hapo kwenye kiti, kwenye taa.

Mafundi walikuwa na kazi nyingine waliyoita kuazimisha. Kliniki, ukitaka kumwekea mgonjwa rangi sawasawa, unamrushia kwa rimoti kile unachokiona wewe kwenye miwani yako ya kazi, aone kwa macho yako, muafikiane kama nyekundu ni nyekundu. Ni kifungo cha kijani, jirani na chekundu. Kidole gumba kilikwenda chenyewe. Gwamaka alielekeza uso wake kushoto, akautazama ubao wa Dokta Nakiganda, akabonyeza.

Bibi alishtuka kidogo, mabega tu. Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumjua kuku. Aliinua mkono wa kulia, akajigusa shavu, akaushusha.

"Kuku," alisema hatimaye. "Au ni mbuzi mwembamba. Daktari, unachora vibaya."

Ukumbi ukapasuka. Nyuma ya ubao, viatu vya Dokta Nakiganda vilikuwa vinatikisika kwa kicheko. Bibi akataja jembe. Akataja mwavuli, nyumba, samaki, moja baada ya nyingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hakuongeza utani mwingine. Dokta wa Kampala akashusha ubao, akafuta machozi ya kucheka, akaomba radhi kwa mashaka yake mbele ya kongamano zima. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kura ilipoitishwa. Baada yake mikono ikapanda kila upande, wengine wakinyoosha huku wanapanga mikoba yao.

Gwamaka alikuwa bado na ile sentensi mdomoni. Ilikuwa imepoa.

*

Alichukua muda kabla ya kwenda chumbani. Alipitia meza ya chakula, akafunga sambusa kwenye karatasi, akajaribu usoni mwake nyuso mbili tatu mpaka akaipata moja ya kufaa. Upande wa pili wa ukuta kwaya ya watoto kutoka bondeni ilikuwa imeanza kuwaimbia wageni wimbo wa asante.

"Mke wangu, umewamaliza," alisema kutoka mlangoni. "Profesa wa Lima anataka kuposa. Nimemwambia foleni ni ndefu."

Bibi Subilaga alikuwa amekaa na kilemba mapajani. Alimwambia afunge mlango.

"Nimemwona kuku," alisema. "Nikaona na jembe. Mwavuli nao nimeuona."

"Umeviona vyote."

"Na bibi mmoja. Amekaa kwenye kiti, kati yangu na ubao. Ana kitenge kama hiki changu. Nikasema moyoni, huyu mzee wa watu wamemleta wa nini mbele yangu? Nikainua mkono nijikune. Naye akainua."

Gwamaka aliiweka karatasi ya sambusa kwenye meza ya kando ya mlango.

"Amezeeka yule. Shingo yote imekwisha. Mimi najitazama kila asubuhi, sijawahi kukutana naye." Alikunja kilemba mara mbili, akakilaza. "Lakini hilo si neno, kila mtu atazeeka. Neno ni kwamba hakuwa anautazama ubao. Ubao uko kushoto, watu wote wameugeukia, yeye uso wake uko mbele, kwenye pazia. Anataja kuku huku anaangalia pazia."

Gwamaka akaanza kueleza. Alisema mitambo ya ukumbi ina waya nyingi, picha zinaingiliana, hata redio hufanya hivyo mvua ikikaribia, mafundi wa hapa ni wavivu, atawasema. Alieleza vizuri sana. Bibi alimwacha amalize, kama alivyokuwa akimwacha amalize utotoni, sukari ikiwa bado imemganda mdomoni.

"Nani alikuwa anasoma, Gwamaka?"

Hakumwita mume. Gwamaka aliondoka mlangoni kwa vidole vya miguu, asisikike, akavuka chumba, akashuka mpaka sakafuni karibu kabisa na miguu ya bibi yake, akaegemeza mgongo kwenye ukuta. Kwaya ilikuwa imefika kwenye kiitikio.

"Asubuhi ulipogeuza ubao," bibi alisema, "nilisikia mbao ikikwaruza kigingi. Nikajiambia unaufuta vumbi. Kwa hiyo ulijua tangu asubuhi."

Hakulifanya swali. Alikuwa anaongea na mlango.

"Na hawa wanaoimba. Wamekwisha kuwapitishia hicho kiwambo?"

Gwamaka alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka.

Bibi alisubiri jibu, uso wake umeinuka kuelekea kule sauti ya mjukuu ilikotoka mara ya mwisho, kwenye mlango usio na mtu.

"Hapa nilipo nakuona umesimama hapo, meno yote nje," alisema. "Unacheka kweli?"

Mguu wa bibi ulikuwa karibu kugusa bega la Gwamaka. Naye akajikunja, akajibana ukutani, akazuia pumzi, kwa sababu akijibu tu, bibi angejua yuko wapi.